Nyumba ya Rembrandt: Ushauri kwa Mgeni Anayekwenda Kuona Picha za Karatasi

Picha ya Night Watch haipo hapa. Heri jambo hilo lijulikane mapema, kabla ya mtu kukata tiketi. Mchoro ule mkubwa wa walinzi wa mji, wenye upana wa zaidi ya mita nne, umetundikwa Rijksmuseum, mtaa mwingine kabisa wa Amsterdam. Mgeni anayeingia Makumbusho ya Nyumba ya Rembrandt, Jodenbreestraat namba 4, akitarajia kuta zilizojaa rangi za mafuta za bwana huyo, atamaliza vyumba vyote kwa nusu saa na kutoka na kinyongo.

Kilichomo ni kingine, na kwa anayejua namna ya kukitazama kina utamu wa pekee. Hii ndiyo nyumba aliyoishi Rembrandt van Rijn kuanzia mwaka 1639 hadi 1658, na ndani yake imehifadhiwa hazina ya chapa zake, yaani picha alizozichora kwa sindano juu ya mabamba ya shaba, zikapakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi. Maishani mwake alitengeneza chapa zipatazo 300. Makumbusho haya yanazo karibu zote. Ni picha za kutazamwa kwa karibu, uso ukiwa umeinama. Moja ya mwaka 1630, inayomwonyesha Rembrandt mwenyewe akiwa kijana, macho yamemtoka na mdomo wazi kama aliyeshtuliwa, ina upana usiofika sentimita tano. Anayezitazama chapa za namna hii kwa mwendo ule ule wa kutazama michoro mikubwa ya rangi hataona chochote.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Amsterdam si mji wa mbali kama inavyodhaniwa. Ndege za KLM kutoka Nairobi, Kilimanjaro na Dar es Salaam hutua Schiphol, na wengi hupitia hapo wakielekea Marekani, Kanada au miji mingine ya Ulaya. Tatizo ni viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda hawezi kutoka nje ya uwanja bila viza ya Schengen, na viza hiyo haitolewi pale uwanjani. Huombwa nyumbani, mapema. Mwenye nayo, ambaye ana saa saba au nane kati ya ndege moja na nyingine, anaweza kwenda na kurudi bila kuhema. Mwenye saa nne asijaribu, kwa sababu foleni ya pasipoti na ya ukaguzi wa mizigo wakati wa kurudi haitabiriki.

Njia yenyewe ni rahisi. Treni kutoka chini ya uwanja hufika kituo kikuu, Amsterdam Centraal, kwa takriban dakika 15 hadi 20. Hapo mtu huchukua metro na kushuka kituo cha pili, Waterlooplein, kisha hutembea dakika chache. Asiye na haraka atembee kwa miguu kutoka Centraal akipitia Nieuwmarkt. Katikati ya uwanja huo kuna jengo la kale lenye minara, Waag, ambamo chama cha madaktari wa upasuaji kilikuwa na ukumbi wake. Chama hicho ndicho kilichomwagiza Rembrandt, mwaka 1632, kuchora somo la anatomia la Dkt. Tulp, kazi iliyomtangaza mjini.

Tiketi inunuliwe mtandaoni, kwa siku na saa maalumu. Nyumba ni nyembamba, vyumba ni vidogo, na watu ishirini wakiingia kwa pamoja hakuna anayeona kitu. Saa nzuri ni asubuhi mlango unapofunguliwa, katikati ya juma. Begi kubwa la mgongoni huachwa kwenye kabati. Ngazi za nyumba ya kale ni kali na za kuzunguka, hivyo mwenye maumivu ya magoti au anayetumia kiti cha magurudumu awaandikie kwanza aulize ni vyumba gani ataweza kufika. Jengo jipya la pembeni, yanakofanyika maonyesho, lina nafasi zaidi. Na anayetumia miwani ya kusomea asiiache hotelini. Huu ndio ushauri unaodharauliwa kuliko wote, na ndio wenye faida kubwa kuliko wote. Kilenzi kidogo cha kukuzia, cha aina wanayotumia masonara, kikiongezwa mfukoni, mgeni amekamilika.

Historia ya nyumba inafaa kujulikana kabla ya kuingia, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini vyumba viko jinsi vilivyo. Ilijengwa karibu mwaka 1606. Rembrandt aliinunua kwa guilder 13,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, akiwa na miaka 32 na jina linalopanda. Hakuwahi kumaliza deni. Mkewe Saskia alifariki humo mwaka 1642, mwaka uleule alioimaliza Night Watch. Mwaka 1656 alifilisika, na makarani wa mji wakaingia nyumbani kwake wakaandika kila kitu, chumba kwa chumba: vitanda, viti, vichwa vya plasta, silaha, makombe ya baharini, vitabu vizima vilivyojaa chapa za mabwana wengine. Vitu vikapigwa mnada, nyumba ikauzwa mwaka 1658, naye akahamia nyumba ya kupanga mtaa wa Rozengracht.

Orodha ile ya aibu imekuwa baraka kwa wanaokuja leo. Orodha hiyo, pamoja na michoro ya Rembrandt mwenyewe ya ndani ya nyumba, ndiyo iliyowawezesha watunzaji, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuvipanga upya vyumba kwa kukisia vizuri jinsi vilivyokuwa. Kwa hiyo samani nyingi anazoziona mgeni ni za karne ya 17 lakini si zake yeye. Ni vyema kulijua hilo, mtu asije akakikazia macho kiti fulani akiamini Rembrandt alikikalia. Awali makumbusho hayakuwa hivyo hata kidogo. Mji uliinunua nyumba mwaka 1907, na ilipofunguliwa mwaka 1911 mbele ya Malkia Wilhelmina, ndani ilikuwa tulivu na ya kisasa kwa wakati ule, kazi ya msanifu Karel de Bazel, kuta zikiwa za kutundikia chapa tu. Kabla ya vitanda na majiko, nyumba hii ilikuwa ya picha za karatasi.

Wageni wengi hufuata mkondo: jikoni, sebuleni, karakana ya juu, kisha wakiwa wamechoka hufika kwenye chapa zenyewe na kuzipitia kwa dakika tano. Ushauri wa makala haya ni kuugeuza mpango huo. Mgeni aulize mlangoni ni saa ngapi kuna onyesho la kuchapa, aanzie hapo, hata ikibidi kusubiri. Mtaalamu wa makumbusho husimama mbele ya mashine ya mbao yenye gurudumu kubwa la mikono na kuchapa picha mbele ya watu, na baada ya kuona kazi hiyo kwa macho, kila chapa ya ukutani inasomeka kwa namna mpya.

Kazi yenyewe huenda hivi. Bamba la shaba lililong'arishwa hupakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na utomvu na lami. Mchoraji huchora juu ya tabaka hilo kwa sindano, kwa mkono mwepesi, kwa kuwa hachongi shaba bali anaiondoa nta tu. Kila mstari unaifunua shaba. Kisha bamba huzamishwa kwenye tindikali, nayo hula pale tu palipofunuliwa. Likikaa kwa muda mrefu mstari unakuwa wa kina na mweusi, likitolewa mapema unakuwa mwembamba kama unywele. Nta husafishwa. Wino hupakwa bamba zima, ukafutwa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja, ukabaki ndani ya mifereji. Karatasi iliyoloweshwa huwekwa juu, juu yake mablanketi ya sufu, na vyote husukumwa katikati ya magogo mawili mazito ya mashine. Inapofunuliwa, karatasi imeuvuta wino kutoka kwenye mifereji, na picha imetoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto, kama maandishi ya muhuri wa ofisi yanavyosomeka kinyumenyume mpaka yagongwe kwenye karatasi.

Kugeuka huko kuna mfano mzuri ambao mtu wa pwani ataufurahia. Mwaka 1650 Rembrandt alichora ganda la konokono wa baharini, aina yenye umbo la pia na madoa meupe ya pembetatu juu ya weusi. Konokono huyo anaishi katika maji ya joto ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Waokota makombe wa pwani yetu wanawajua ndugu zake, na wanajua kwamba akiwa hai si wa kushikwa, kwa kuwa ana sumu. Maganda hayo yaliletwa Amsterdam na meli za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki na kuuzwa kwa bei kubwa kwa wakusanyaji, Rembrandt akiwa mmojawapo. Alilichora ganda kwenye shaba kama alivyoliona mezani, na lilipochapwa mzunguko wake ukatoka kinyume na wa konokono wa kweli. Jina lake na mwaka aliviandika kinyumenyume kwenye bamba ili visomeke vizuri, ganda akaliacha. Na ndani ya nyumba kuna chumba cha hazina, ghorofa ya juu, chenye rafu za makombe, matumbawe, silaha na vichwa vya plasta. Mgeni akipanda hapo kwanza, akalitazama ganda la kweli linavyozunguka, kisha akashuka kwenye chapa kama imetundikwa siku hiyo, atajifunza mengi zaidi kuliko maelezo yoyote ya ukutani.

Karakana kubwa ya juu nayo isipitwe mbio. Madirisha yake yanatazama kaskazini, mwanga unaingia ukiwa sawa siku nzima bila jua la moja kwa moja. Hapo ndipo michoro mikubwa ilipofanyiwa kazi, na mara nyingi kuna mtu anayeonyesha jinsi rangi zilivyosagwa kwa mafuta ya kitani. Watoto hupenda hapo. Anayekuja na watoto awapeleke huko na kwenye mashine ya kuchapia, halafu awaachie wachague wenyewe chapa mbili tatu za kutazama. Mtoto hawezi kubebeshwa vyumba vyote.

Sasa chapa zenyewe. Kumi zinatosha. Mgeni apite mara moja chumba kizima, haraka, achague zile zilizomvuta, kisha arudi kwa hizo tu na kusimama mbele ya kila moja dakika tano kamili. Mikono ikiwa nyuma ya mgongo, anaweza kusogeza uso hadi karibu na kioo bila kumtia hofu mlinzi. Akiwa na daftari na penseli, anakili kipande kidogo: mkono, kofia, tawi la mti. Jicho la anayechora, hata vibaya, linaona mara mbili ya jicho la anayepiga picha kwa simu.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni aina ya mstari. Mstari wa tindikali una ncha butu na unene unaolingana. Lakini Rembrandt, hasa baada ya mwaka 1640, alizoea pia kuikwaruza shaba moja kwa moja kwa sindano bila tindikali. Ukwaruzaji huo huinua vikingo vidogo vya shaba pembeni mwa mstari, na vikingo hivyo hushika wino na kutoa weusi laini unaosambaa kama mahameli. Mashine huviponda upesi, kwa hiyo chapa chache za mwanzo ndizo zenye mahameli kamili. Kwa kilenzi, tofauti inaonekana wazi.

Cha pili ni karatasi. Si zote ni nyeupe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1640 Rembrandt alichapa nyingi kwenye karatasi ya Japani, iliyofika kwa meli zilezile za kampuni. Ni laini, ina rangi ya pembe au ya asali, na inaushika wino kwa upole. Bamba moja likichapwa kwenye karatasi ya Ulaya na kwenye ya Japani, picha mbili zinazotoka zina hewa tofauti, na Rembrandt alijua hivyo na wateja wake walijua, wakalipia.

Cha tatu, na hapa ndipo chapa zinapoushinda mchoro wa rangi, ni hatua. Rembrandt alikuwa akichapa karatasi chache, analitazama bamba, anafuta, anaongeza, anachapa tena. Kila mabadiliko huhesabiwa kuwa hatua mpya, na vibao vya makumbusho hutaja namba yake. Ganda la konokono katika hatua ya kwanza limesimama kwenye weupe mtupu. Katika hatua ya pili nyuma yake kumejazwa giza, na ganda linaonekana kama limewekwa kwenye rafu chumbani. Katika picha ya mwaka 1655 ya Yesu akionyeshwa kwa umati, alichora kundi zima la watu mbele ya jukwaa, kisha katika hatua za baadaye akalifuta kundi lote, na anayetazama anajikuta amesimama pale walipokuwa wao. Kali kuliko zote ni Misalaba Mitatu ya mwaka 1653. Hatua za mwanzo zina mwanga mkubwa unaoshuka kutoka juu na watu wanaotambulika mmoja mmoja. Baadaye alirudi kwenye bamba lile na kulikwaruza kwa nguvu, akawafunika wengi, akamwingiza mpanda farasi mwingine, akateremsha giza kama mvua ya mawe. Hatua hizo mbili zikitundikwa pamoja, mgeni asiondoke hapo mpaka amezifananisha kona kwa kona. Hakuna mahali pengine ambapo msanii mkubwa anaonekana akibadili mawazo kwa uwazi kiasi hicho.

Yako mambo ya mtaa wenyewe pia. Katika karne ya 17, Jodenbreestraat na vichochoro vyake vilikaliwa na wageni wengi: Wayahudi waliotoka Ureno na Hispania, na pamoja nao Waafrika, wanaume na wanawake, mabaharia, watumishi na askari. Wengi walitoka upande wa Atlantiki, Angola, Kongo, Cape Verde na Brazil, na nyaraka za mji zina kumbukumbu za ndoa zao na ushahidi wao mbele ya makarani wa sheria. Mwaka 2020 makumbusho haya yaliweka maonyesho maalumu juu ya watu weusi wa zama za Rembrandt, yakiwaonyesha kuwa majirani waliokaa mbele ya wachoraji, wakachorwa kwa sura zao. Rembrandt mwenyewe ana chapa ndogo ya karibu mwaka 1630 ya kichwa na mabega ya mwanamke Mwafrika. Mgeni kutoka Afrika aulize kama ipo ukutani. Kuuliza ni haki yake, na wahudumu hupenda maswali mahususi.

Inawezekana sana jibu likawa kwamba haipo. Hili ndilo jambo linalowaudhi wengi katika makumbusho yote ya chapa na michoro, na lina sababu ya haki. Mwanga huichakaza karatasi, huigeuza njano na kupausha wino na rangi za maji, na uharibifu huo haurudi nyuma. Ndiyo maana vyumba ni vya mwanga hafifu, kwa kawaida lux 50 hivi, wakati meza ya ofisi hupata mia kadhaa. Na ndiyo maana chapa hutundikwa miezi michache, kisha hurudishwa gizani kupumzika kwa miaka. Hata Albertina ya Vienna, iliyoanzishwa mwaka 1776 na yenye chapa zipatazo milioni moja, humtoa kwa nadra Sungura wa Albrecht Dürer wa mwaka 1502, mchoro wake maarufu kuliko yote. Wengi waliosafiri kwa ajili yake wameishia kuona nakala. Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi ya ndege kwa ajili ya picha moja, mtu aandike barua pepe aulize kama itakuwa ukutani tarehe hizo. Jibu huja.

Na ikiwa haipo ukutani, bado upo mlango ambao watu wachache wanaujua. Mikusanyo mikubwa ya chapa ina vyumba vya kusomea. Rijksmuseum inacho, Kupferstichkabinett ya Berlin inacho, British Museum ya London inacho. Si lazima mtu awe profesa. Anaandika wiki kadhaa kabla, anataja kazi tatu au nne kwa majina na namba zake za mkusanyo kama zinavyoonekana kwenye tovuti, anaeleza kwa sentensi mbili kwa nini anataka kuziona. Siku ikifika anaonyesha kitambulisho, ananawa mikono, anaacha begi na kalamu ya wino nje, anaingia na penseli. Kisha mtumishi anamletea kisanduku, na picha inawekwa mbele yake bila kioo, kwenye fremu ya kadibodi. British Museum ina chapa zaidi ya milioni mbili na michoro ipatayo 50,000, na miongoni mwa michoro hiyo umo wa kifaru alioufanya Dürer mwaka 1515, bila kumwona mnyama mwenyewe, kwa kufuata maelezo na mchoro wa mtu aliyemwona Lisbon. Alimvika magamba kama deraya za chuma na kumwongezea kijipembe mgongoni. Msomaji aliyewahi kumwona kifaru Ngorongoro au Nairobi ana jambo la kukiambia chumba hicho ambalo Wazungu wa zama zile hawakulijua.

Neno juu ya kununua, kwa sababu duka la makumbusho liko njiani na mtandao umejaa wauzaji. Nakala ya dukani haina ubaya wowote, mradi ijulikane kuwa ni nakala. Kilenzi huitambua: nakala ya kiwandani ina nukta nukta, chapa ya kweli ina mistari ya wino iliyoinuka kidogo. Chapa ya kweli pia ina alama ya bamba, mbonyeo unaoizunguka picha pale shaba ilipoibana karatasi. Lakini hata alama hiyo haimaanishi kwamba Rembrandt mwenyewe aliichapa. Mabamba yake yaliuzwa na kuuzwa tena baada ya yeye kufa mwaka 1669. Clement de Jonghe, muuza chapa wa Amsterdam ambaye Rembrandt aliwahi kumchora, alikuwa na mabamba 74 orodha ya mali yake ilipoandikwa mwaka 1679. Karne iliyofuata mengi yalifika Paris kwa mfanyabiashara Basan, akayachapa kwa wingi. Bamba la Chapa ya Guilder Mia, ile kazi ya karibu mwaka 1648 ya Yesu akiponya wagonjwa, iliyopata jina kwa bei iliyowahi kulipiwa, liliangukia mikononi mwa kapteni mmoja wa Ireland, William Baillie, akalikarabati kwa mkono wake mwenyewe, akalichapa, kisha akalikata vipande vinne na kuviuza picha zake mbalimbali. Mtu akiona mtandaoni tangazo la Rembrandt halisi kwa dola mia mbili, aulize ni chapa ya mwaka gani na karatasi ya aina gani. Asipojibiwa kwa maandishi, asilipe.

Asiyepata viza wala nauli hajafungiwa nje kabisa. Tovuti ya Rijksmuseum inatoa bure mamia ya maelfu ya picha za mkusanyo wake, chapa za Rembrandt zikiwemo, kwa ukubwa unaoruhusu kuona kila mkwaruzo. Mwalimu wa sanaa Mwanza au Bujumbura mwenye kompyuta na projekta anaweza kuziweka ukutani hatua mbili za Misalaba Mitatu na kuwauliza wanafunzi nini kimebadilika. Kitakachokosekana ni karatasi yenyewe na udogo wake, maana projekta huifanya kila picha kuwa kubwa. Basi mwalimu awachoree ubaoni ukubwa halisi.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya bamba na wino, isiyo na nyumba ya kuitunza ipasavyo. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, iliwafundisha vijana kuchora kwenye bamba na kuchapa kwa mkono, na Robino Ntila ni mmoja wa waliojulikana kwa chapa zao kupitia hapo. Kazi hizo zilinunuliwa na watalii, na wafanyakazi wa balozi, na pia na familia za mjini ambazo bado zinazo. Aliye na mojawapo ukutani aiondoe mkabala na dirisha leo. Asiibandike kwa gundi wala selotepu, asiilaminishe, asiikate kingo ili iingie kwenye fremu ya dukani, kwa maana alama ya bamba na sahihi ya penseli viko kwenye kingo hizo. Nyuma iwekwe kadibodi isiyo na asidi, na kioo kisiiguse karatasi. Kisha aandike kwenye kikaratasi jina la msanii, mwaka na mahali ilikonunuliwa, akiweke kikaratasi hicho ndani ya fremu.